Mafuta ya waridi: namna ya kuyachagua, kuyapima na kuyatumia katika tiba ya harufu

Ili kupata kilo moja ya mafuta ya waridi, petali kati ya kilo 3,000 na 5,000 huhitajika, zote zikichumwa kwa mkono alfajiri kabla jua kali halijapunguza harufu. Ukiishika hesabu hiyo, mambo mawili yanajieleza. Kwanza, chupa ya ml 30 inayouzwa bei ya sabuni ya kuogea haina waridi ndani. Pili, mafuta halisi ni makali mno, na tone moja linatosha kwa kazi ambayo wengi huimiminia kumi. Basi kazi yako ni kujua unachonunua, kisha kukipima.

Mafuta gani hasa

Waridi linalotoa mafuta haya ni Rosa damascena, waridi la Damasko. Hulimwa kwa wingi katika bonde la Kazanlak huko Bulgaria, Isparta nchini Uturuki, Kashan nchini Iran na Taif nchini Saudi Arabia. Ndugu yake, Rosa centifolia, ndiye maarufu kule Grasse, Ufaransa, kwenye viwanda vya manukato.

Dukani utakutana na aina mbili, nazo hazifanani kikazi.

Ya kwanza ni otto, yaani mafuta yaliyokenekwa. Petali huchemshwa kwenye mtungi mkubwa, mvuke wake ukapozwa, na mafuta yakaelea juu ya maji yaliyodondoka. Rangi yake ni njano mpauko, wakati mwingine na dalili ya kijani. Ndani yake mna nta ya asili, ndiyo maana huganda kukiwa na baridi.

Ya pili ni absoluti. Hii hutolewa kwa kiyeyushi kama heksani, kisha husafishwa kwa alkoholi. Ni ya rangi ya machungwa iliyoiva hadi kahawia, haigandi kwa urahisi, na bei yake ni nafuu kwa kuwa petali zilezile hutoa mafuta mengi zaidi. Harufu yake iko karibu zaidi na ua lililochumwa sasa hivi. Sababu ni feniletanoli, kiungo kinachobeba sehemu kubwa ya harufu ya ua bichi. Kiungo hiki huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo wakati wa kukeneka kingi hubaki kwenye marashi, yaani yale maji ya waridi yaliyodondoka, na kidogo tu huingia kwenye otto. Anayeshangaa kwa nini otto ya bei kubwa inanukia kama asali na viungo kuliko ua lenyewe, jibu ni hilo. Ukitaka harufu kamili bila kiyeyushi, tumia otto pamoja na marashi halisi, yanakamilishana.

Kwa kupaka mwilini, na hasa usoni, chagua otto. Absoluti iachie manukato na kufukiza chumba, kwa sababu inaweza kubaki na chembe za kiyeyushi.

Kununua bila kuliwa

Soma lebo kabla ya kunusa. Lebo ya kweli hutaja jina la mmea (Rosa damascena), nchi ulikolimwa, njia ya kutoa mafuta na namba ya toleo. Mafuta ya Bulgaria yana jina linalolindwa kisheria katika Umoja wa Ulaya, "Bulgarsko rozovo maslo". Muuzaji makini ataweza kukupa ripoti ya maabara ya toleo hilo. Humo utaona sitroneloli na jeranioli, viungo vikuu vya harufu ya otto, zikiongoza, na nta za asili zikitajwa pia. Lebo iliyoandikwa "mafuta ya manukato" au "harufu ya waridi" inakuambia kwamba hayo ni ya kutengenezwa kiwandani. Yanaweza kunukia vizuri chumbani, ila usiyategemee kwa tiba wala usiyapake.

Mafuta yaliyochanganywa tayari na jojoba (mafuta ya mbegu ya kupunguzia ukali), kwa asilimia 3, 5 au 10 ya waridi, si ya kughushi mradi lebo iseme hivyo. Kwa anayeanza ndiyo ununuzi wenye busara kuliko yote: huhitaji kuhesabu matone, wala hasara si kubwa chupa ikimwagika.

Majaribio mawili unaweza kuyafanya nyumbani.

La baridi: weka chupa ndani ya friji, si kwenye friza, kwa nusu saa. Otto halisi huanza kutoa vipande vyembamba vinavyong'aa kama sindano vikielea, kisha huganda laini. Ishike kiganjani na baada ya dakika chache yote yatarudi kuwa maji angavu. Yasipoganda kabisa, aidha ni absoluti, au yamechanganywa na mafuta mengine, au si waridi. Yakiganda kuwa kitu cheupe kizito kama samli, umeuziwa mafuta ya nazi yenye harufu. Anayekaa Njombe au Limuru huenda asihitaji friji, kwani asubuhi ya baridi tu inatosha kuyagandisha kabatini. Dar es Salaam na Mombasa ni nadra. Lakini kuganda peke yake si uthibitisho, maana waghushi huongeza nta makusudi. Ndiyo maana kuna jaribio la pili.

La karatasi: chovya ncha ya kijiti cha meno, gusa karatasi nyeupe isiyo na mng'ao, andika saa. Nusa hapo hapo, nusa baada ya saa moja, nusa kesho yake asubuhi. Waridi halisi hubadilika: mwanzoni kuna ukali kidogo wa kijani na viungo, kisha huja utamu wa asali, na kesho yake bado kuna harufu laini. Harufu ikibaki ileile tangu mwanzo hadi mwisho, au ikatoweka yote ndani ya saa moja, yatilie shaka. Harufu ya majani yenye ubaridi wa mnanaa mwanzoni ni dalili ya jeranium. Ya nyasi inayokaribia mchaichai ni palmarosa. Mafuta ya mimea hiyo miwili ni nafuu na ndiyo hutumika sana kuongezea waridi. Doa la mafuta lililotanda na kubaki kwa siku kadhaa ni la mafuta mazito ya kuchanganyia.

Kipimo

Hapa ndipo wengi hukosea, na kosa ni lilelile: kuongeza matone kwa kuwa harufu imepungua puani. Pua huzoea harufu baada ya dakika chache. Mafuta hayajaisha, wewe ndiye umeacha kuyasikia. Ukiongeza, kinachofuata ni kichwa kuuma na kichefuchefu.

Ipo pia sababu ya kiafya. Otto ina methili eujenoli, kwa kawaida kati ya asilimia 1 na 3 hivi, kiungo ambacho kwa dozi kubwa kimesababisha saratani kwa panya wa maabara. Kwa hiyo kipimo kinachopendekezwa kwa mafuta ya kupaka ngozi ni otto isiyozidi asilimia 0.6. Kwa matumizi ya nyumbani shika asilimia 0.5, ambayo ni rahisi kuipima:

- ml 10 za mafuta ya kuchanganyia (vijiko 2 vya chai): tone 1
- ml 30 (vijiko 2 vya chakula): matone 3
- ml 100: matone 10

Hesabu hii inachukulia kwamba ml 1 ina matone 20 hivi. Kama umenunua yale ya asilimia 3, chukua kijiko kimoja cha chai na uongeze vijiko vitano vya chai vya mafuta ya kuchanganyia. Utapata ml 30 za asilimia 0.5. Yale ya asilimia 10 hupimwa ml 1.5 kwa sindano isiyo na ncha, kisha jaza hadi ml 30.

Kabla ya kudondosha, hakikisha chupa nzima imeyeyuka. Ikiwa nusu imeganda, sehemu ya maji hutoka na nta hubaki, hivyo matone ya mwanzo na ya mwisho hayatakuwa mafuta yaleyale. Usiipashe motoni. Iweke kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, kisha igeuze taratibu mara kadhaa.

Mafuta ya kuchanganyia yana uzito wake katika matokeo. Jojoba haina harufu na hukaa muda mrefu bila kuvunda. Ni bora kwa uso. Lozi huteleza vizuri kwa kukanda, ila mwenye mzio wa karanga za aina hiyo asiyaguse. Alizeti yaliyosafishwa ni nafuu na yanafaa. Ya nazi yanayokamuliwa nyumbani ni mazuri kwa ngozi ya mwili na nywele, lakini harufu yake huifunika waridi kabisa na watu wengi huota chunusi wakiyapaka usoni. Ufuta uliokaangwa usiufikirie.

Matumizi

*Wasiwasi na usingizi.* Njia rahisi ni kitambaa: tone 1 kwenye leso, weka karibu na mto, si juu ya mto, kwa sababu mafuta yatagusa jicho. Kwa mchana, tengeneza roloni ya ml 10 yenye tone 1, upake kwenye vifundo vya mikono na nyuma ya shingo, kisha vuta pumzi polepole mara tano au sita. Waridi haliifanyi ngozi iungue juani kama afanyavyo ndimu, kwa hiyo unaweza kutoka nje. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa watu 40 wenye afya waliopakwa mafuta haya. Kasi ya kupumua na namba ya juu ya kipimo cha shinikizo la damu vilishuka kidogo, na wenyewe walisema wametulia zaidi. Tafiti za namna hii ni ndogo, nyingi zimefanyika Iran na Uturuki, na matokeo yake yanaelekea upande mmoja: mafuta haya hutuliza. Hayatibu sonona. Mwenye dawa za daktari aendelee nazo.

*Maumivu ya hedhi.* Changanya matone 3 na ml 30 za lozi. Anza siku moja kabla ya hedhi ikiwa unaifahamu tarehe yako. Pasha mchanganyiko kiganjani, kijiko kimoja cha chai kinatosha, kanda tumbo chini ya kitovu kwa mizunguko ya polepole kuelekea mkono wa saa, dakika 10 hadi 15. Funika na kitambaa cha uvuguvugu. Ukandaji na joto vinafanya sehemu kubwa ya kazi, na harufu inasaidia mwili ulegee. Maumivu yanayokulaza kitandani kila mwezi, au damu inayolowesha pedi kila saa, ni ya kupelekwa hospitali. Huenda ni uvimbe kwenye kizazi.

*Ngozi kavu ya uso.* Matone 3 kwenye ml 30 za jojoba. Usiku, baada ya kunawa, uso ukiwa bado na maji au marashi, paka matone 4 ya mchanganyiko huo kwa kugandamiza na vidole, si kusugua. Maji yaliyo chini ndiyo yanayolainisha. Mafuta huyazuia yasipotee. Wanaoyauza kama dawa ya kung'arisha ngozi au kufuta makovu wanakudanganya.

*Kuoga.* Matone yakiwekwa moja kwa moja kwenye maji huelea na kugusa ngozi yakiwa makali vilevile. Maziwa na chumvi havisaidii kuyayeyusha, ingawa maelekezo mengi husema hivyo. Kwa anayeoga kwa ndoo, njia safi ni kuoga kwanza, kisha kupaka mchanganyiko wa asilimia 0.5 mwili ukiwa na maji, na kujifuta kidogo kwa taulo. Kwa beseni la miguu, koroga tone 1 kwenye kijiko cha chakula cha sabuni ya maji isiyo na harufu, ndipo umimine kwenye maji ya uvuguvugu.

*Singo.* Pwani, bibi harusi husingwa kwa unga wa petali za waridi, mrehani, liwa na viungo vingine uliokandwa kwa marashi. Ukitaka kuongeza otto, changanya kwanza tone 1 na vijiko 2 vya chai vya mafuta, ndipo ukande unga kwa mafuta hayo, kisha marashi hadi unga ushikane. Punguza karafuu. Karafuu nyingi juu ya ngozi iliyokwishasuguliwa huunguza, na watu hulilaumu waridi bure.

*Chumba.* Kwenye difyuza ya maji ya ml 100, matone 2. Iwashe dakika 30, izime saa moja, fungua dirisha. Nta ya waridi huziba kile kisahani kinachotetema, kwa hiyo baada ya kila matumizi ifute kwa pamba yenye spiriti. Usidondoshe mafuta haya kwenye makaa ya chetezo: huungua papo hapo, harufu ya ua inapotea na kubaki moshi unaowasha koo. Chetezo ni cha udi na ubani. Asilani usiyakaribishe kwa paka aliyefungiwa chumbani, wala kwa mwenye pumu ambaye hujui kama harufu humshtua.

*Kuyachanganya na harufu nyingine.* Sandali, ubani na lavenda hupatana nayo bila ugomvi. Mlangilangi wa Komoro hupendeza nayo sana, ila ni mzito: kwa ml 30 weka waridi matone 2 na mlangilangi tone 1, uache chupa siku mbili kabla ya kuhukumu. Harufu hubadilika zikikaa pamoja.

Wa kujihadhari

Jaribu kila mchanganyiko mpya ndani ya kiwiko, acha saa 24 hadi 48. Jeranioli na sitroneloli ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana kuleta mzio, hata kwenye mafuta safi kabisa. Ukiwashwa, ondoa kwanza kwa mafuta ya kupikia na kitambaa, ndipo uoshe kwa sabuni, kwa kuwa maji peke yake hayayatoi. Yakiingia jichoni, suuza kwa maji mengi safi dakika 15 na uende kituo cha afya. Usiyanywe. Kwa mtoto chini ya miaka 2 usiyatumie. Kwa mkubwa zaidi, tone 1 kwenye ml 20. Mjamzito, hasa miezi mitatu ya mwanzo, aulize mkunga au daktari kwanza.

Kama bei imekushinda: keneka marashi

Marashi hubeba sehemu ya harufu ambayo mafuta hayana, na yanaweza kutengenezwa jikoni. Kwenye milima ya Jabal Akhdar nchini Oman, wakati wa mavuno ya Aprili, bado yapo yanayokenekwa kwa tanuri za udongo na kuni, na moshi huo husikika kwenye marashi yenyewe. Sufuria yako itatoa kitu safi zaidi, chenye harufu nyepesi.

Petali zitoke kwenye ua linalonukia na lisilopuliziwa dawa. Mawaridi ya mashada yanayotoka mashamba ya Naivasha hayafai: yamechaguliwa kwa shina refu na kukaa vasini, mengi hayana harufu, na yamepigwa dawa za wadudu.

Chukua petali gramu 250, maji safi lita 1, sufuria pana yenye mfuniko wa kubinuka, jiwe au tofali dogo lililochemshwa, bakuli la chuma cha pua, na barafu. Weka jiwe katikati, petali kulizunguka, maji yafunike petali bila kulimeza jiwe. Bakuli likae juu ya jiwe. Funika kwa mfuniko uliogeuzwa juu chini, kishikio kielekee bakulini, na juu yake weka barafu. Maji yakianza kuchemka, punguza moto hadi yatoe mvuke bila kurukaruka. Mvuke hugonga mfuniko wa baridi, huteremka hadi kwenye kishikio na kudondoka ndani ya bakuli. Mwaga maji ya barafu iliyoyeyuka na uongeze nyingine kila inapohitajika. Mfuniko ukipata joto, mvuke hutorokea pembeni na kazi yote hupotea.

Simamisha ukifikia ml 250 hadi 300, baada ya dakika 40 hadi 60 hivi. Ukiendelea zaidi, yanaanza kunukia mboga iliyopikwa. Marashi sahihi hayana rangi kama maji. Yakiwa na wekundu, moto ulikuwa mkali na maji ya petali yameruka ndani ya bakuli. Usitafute mafuta juu yake: gramu 250 zina otto isiyozidi tone moja au mawili, na karibu yote imeyeyuka humo.

Mimina yakiwa yamepoa kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa, weka friji, tumia ndani ya wiki mbili hadi tatu. Ukiona ukungu au nyuzi nyeupe, mwaga yote.

Otto nayo iwe kwenye kioo cheusi, kamwe si plastiki, ikisimama wima mbali na jiko na dirisha. Hukaa miaka kadhaa. Mchanganyiko wa lozi au alizeti maliza ndani ya miezi sita, na uandike tarehe kwenye chupa siku unayoutengeneza, kwa sababu harufu ya waridi inaweza kuficha mafuta yaliyovunda hadi ngozi ianze kuwasha.